Madhara ya kisukari: mwongozo kamili wa kuyawahi mapema

Watu wengi wenye kisukari huipima hali yao kwa namna wanavyojisikia. Nguvu zikirudi, kiu ikipungua, usingizi wa usiku ukiwa haukatizwi na safari za chooni, mtu husema sukari imetulia na kuruka miadi ya kliniki. Hapo ndipo hatari ilipo. Jicho linaloharibiwa na kisukari haliumi. Figo inayoanza kuvujisha protini haiumi. Mguu uliokufa ganzi ndio kabisa: mtu hukanyaga msumari asubuhi akagundua jioni, anapovua kiatu na kukuta soksi imelowa damu.

Kwa hiyo madhara ya kisukari hutafutwa kwa tarehe. Ukisubiri dalili, mara nyingi utakuwa umechelewa kwa miaka kadhaa.

Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu huharibu kuta za mishipa ya damu. Mishipa midogo kabisa iko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kwenye vichujio vya figo, na mingine ndiyo inayolisha mishipa ya fahamu. Mikubwa inapeleka damu kwenye moyo, ubongo na miguu. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaanzia kwenye damu na kuishia kwenye macho, figo, moyo na nyayo.

Uharibifu huu unazuilika, na ushahidi upo. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambapo mwili hautengenezi insulini ya kutosha kuishi bila sindano. Miongoni mwa wale ambao retina zao zilikuwa bado nzima, waliodhibiti sukari kwa karibu walipunguza hatari ya kuharibika kwa asilimia 76. Mwaka 1998 utafiti wa Uingereza kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, ile ambayo mwili huitumia insulini vibaya, ulionyesha jambo ambalo bado wengi hawalizingatii: kuidhibiti presha kwa ukaribu kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Presha, nasema, siyo sukari. Mtu anayehangaika na sukari peke yake na kuiacha presha ipande amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Hatua ya 1: Zijue namba zako na uziandike

Tafuta daftari moja, liwe la kazi hii tu. Andika tarehe na matokeo ya vipimo vifuatavyo.

HbA1c ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ambayo ni sawa na wastani wa sukari wa karibu 8.6 mmol/L, au 154 mg/dL kwa mashine zinazotumia kipimo hicho. Kwa mzee dhaifu, au mtu ambaye sukari yake hushuka ghafla mara kwa mara, daktari anaweza kuweka lengo la juu kidogo, na yuko sahihi. Kipimo hiki hufanyika angalau mara mbili kwa mwaka; ikiwa sukari haijatulia au dawa zimebadilishwa, kila baada ya miezi mitatu.

Kuna tahadhari ambayo mara nyingi haitajwi. Mwenye seli mundu, upungufu mkubwa wa damu, aliyeongezewa damu karibuni au anayesafishwa damu kwa mashine anaweza kupata jibu la HbA1c lisilosema kweli. Ukiwa mmoja wao, mweleze mhudumu kabla ya kipimo, na uegemee zaidi vipimo vya kidole, vile vya tone la damu kwenye mashine ya sukari.

Vipimo vya kidole kwa mtu mzima hulengwa kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili tangu kuanza kula. Presha ilengwe chini ya 130/80. Andika pia lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu), na majibu mawili ya figo nitakayoyaeleza mbele.

Hatua ya 2: Miguu, kila siku bila kuruka

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya mwili ambayo mgonjwa mwenyewe ana uwezo mkubwa kiasi hiki wa kuiokoa. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari ilianza na kidonda kidogo: lengelenge la kiatu kipya, ufa wa kisigino, ukucha uliokatwa vibaya. Ganzi inamfanya mtu asijue ameumia, damu haba inakifanya kidonda kisipone, na sukari ya juu inawapa vijidudu nafasi. Vitu hivyo vitatu vikikutana, siku chache tu zinatosha kupoteza kidole.

Chagua saa moja ya siku, kwa mfano kabla ya kulala, uketi penye mwanga wa kutosha. Angalia juu ya mguu, kisha unyayo, kisigino, halafu tenganisha vidole kimoja kimoja uone katikati yake. Unatafuta wekundu au weusi, uvimbe, malengelenge, magaga yaliyopasuka, sugu, fangasi, ukucha unaozama nyamani, unyevu au harufu usiyoizoea. Ukishindwa kuinama, weka kioo sakafuni au mwombe mtu wa nyumbani akuangalie. Kama macho yako yana ukungu, usijitegemee. Huyo mtu wa nyumbani ndiye awe macho yako.

Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, ukiyapima kwanza kwa kiwiko, kwa kuwa mguu wenye ganzi hauwezi kukuambia kuwa maji yanaunguza. Usiilowanishe kwa muda mrefu. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ili ngozi isipasuke, lakini katikati ya vidole usipake. Unyevu pale huleta fangasi.

Kucha zikatwe kufuata umbo la ncha ya kidole, bila kuchimba pembeni. Sugu usiikate kwa wembe na usiweke dawa kali za kuila. Zinakula na ngozi nzima. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu kipitishe mkono ndani: jiwe dogo au mshono uliojitokeza unatosha kuanzisha kidonda. Viatu vipya vinunuliwe alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na vivaliwe kwa saa chache kwanza. Usiweke miguu karibu na moto wala chupa ya maji ya moto hata kama unaisikia baridi. Ile baridi huenda ni mishipa ya fahamu inayokudanganya.

Kuna kipimo rahisi cha ganzi kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kinachofanyika nyumbani bila kifaa chochote. Lala, fumba macho, mwambie mwenzako aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi sana, kwa sekunde moja au mbili, ncha za vidole vyako: kidole gumba na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, kisha vivyo hivyo wa kushoto, halafu kidole cha kati cha kulia na cha kushoto. Jumla ni sehemu sita. Asibonyeze, asigonge, asirudie. Kila unapohisi, sema kulia au kushoto. Ukikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi, huenda umepoteza hisia, na mguu wako sasa uko kwenye kundi la hatari. Nenda ukapimwe rasmi. Hata ukifaulu kipimo hiki, mtaalamu aikague miguu yako angalau mara moja kwa mwaka.

Ganzi, kuchomachoma, au miguu kuwaka moto usiku mara nyingi ni kisukari, lakini kama unatumia vidonge vya sukari vya metformini kwa miaka mingi, omba upimwe pia vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuipunguza, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Huu ndio upande unaotibika kwa urahisi, na inasikitisha kuuacha upite.

Ukiona kidonda, kioshe kwa maji safi, kifunike kwa bandeji safi, uache kuukanyagia mguu huo, na uende kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Usikipake majivu, mafuta ya gari wala dawa usiyoijua. Wekundu unaosambaa, usaha, harufu mbaya, homa, au ngozi inayogeuka nyeusi: hiyo ni dharura ya saa hizi.

Dalili moja hupotosha hata wahudumu. Mguu mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hauna kidonda, na pengine hauumi sana. Wengi hudhani ni kuteguka. Kwa mwenye ganzi inaweza kuwa mifupa ya mguu inavunjika na kusogea kimyakimya. Ukiendelea kuutembelea, unaharibika umbo moja kwa moja. Acha kuukanyagia na upelekwe hospitali, na ukifika useme waziwazi kwamba una kisukari na miguu yako ina ganzi.

Hatua ya 3: Macho

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe macho mara tu anapogundulika, kwa sababu huenda ameishi na sukari ya juu kwa miaka bila kujua. Wa aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano tangu kugundulika. Baada ya hapo ni kila mwaka, isipokuwa mtaalamu akupe ratiba nyingine. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe miezi mitatu ya mwanzo, maana mimba inaweza kuharakisha uharibifu wa retina.

Kipimo kinachotakiwa ni kile cha kutazama retina, kwa kupigwa picha au kwa kutiwa matone ya kupanua mboni. Kusoma herufi ukutani na kupewa miwani hakutoshi. Matone yataleta ukungu kwa saa chache, kwa hiyo usiendeshe gari siku hiyo.

Tiba zipo: miale ya leza, sindano za ndani ya jicho, upasuaji. Zote hufanya kazi nzuri zaidi kulinda uwezo uliobaki kuliko kurudisha uliopotea, na ndiyo sababu ya kukazania tarehe. Ukiona nukta nyingi nyeusi zinazoelea ghafla, mimweko, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho, usingoje miadi.

Kama HbA1c yako ilikuwa juu sana na sasa inashushwa haraka, pima retina kabla au mapema katika matibabu. Kushuka kwa kasi kunaweza kuyafanya macho yaliyokwisha kuathirika yawe mabaya kwa muda. Hilo lisikufanye uiache sukari juu. Linakutaka tu uangaliwe.

Hatua ya 4: Figo

Vipimo ni viwili na huenda pamoja, kila mwaka. Cha mkojo hutafuta albumini, protini inayovuja vichujio vikianza kuchoka. Cha damu hupima kreatinini, na kutoka hapo hukadiriwa kasi ya figo kuchuja. Albumini chini ya 30 mg kwa gramu ya kreatinini ni kawaida. 30 na kuendelea ni onyo. Kasi ya kuchuja ikibaki chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu, figo zina ugonjwa sugu. Homa, maambukizi ya mkojo au mazoezi makali yanaweza kupandisha albumini kwa muda, hivyo jibu baya moja hurudiwa kabla ya hukumu.

Usiridhike na kile kijiti cha kawaida cha mkojo kikisema hakuna protini. Mara nyingi hakioni kiasi kidogo cha mwanzo, na mwanzo ndipo dawa zinaposaidia zaidi. Kuna dawa za presha ambazo pia hulinda figo, na kuna dawa za sukari za kundi la empagliflozini na dapagliflozini ambazo hupunguza kasi ya figo kuchoka. Muulize daktari kama zinakufaa. Mwanamke anayetaka kushika mimba amwambie daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo za presha hazifai kabisa wakati wa ujauzito.

Na jambo la kuacha leo: kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo unapouma. Dawa hizo huumiza figo, na kwa mwenye kisukari na presha madhara huja haraka zaidi. Mwulize mfamasia dawa nyingine ya maumivu, ukimtajia ugonjwa wako.

Hatua ya 5: Moyo na ubongo

Ugonjwa wa moyo na mishipa huua watu wengi wenye kisukari, kuliko hata yale madhara wanayoyaogopa zaidi. Presha, lehemu na sigara ndivyo vya kupambana navyo. Kuhusu sigara sina namna ya kulainisha: hakuna kipimo wala dawa itakayofidia kuendelea kuvuta. Watu wengi wenye kisukari waliofikisha miaka 40 hupewa dawa ya kushusha lehemu hata kama kipimo chake hakitishi, kwa sababu lengo ni kulinda mishipa. Aspirini ya kila siku ni suala tofauti. Usijianzishie, inaweza kusababisha kutoka damu.

Mshtuko wa moyo kwa mwenye kisukari unaweza kuja bila yale maumivu makali ya kifua. Huweza kuwa kukosa pumzi ghafla, jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu usioelezeka. Kiharusi hutambulika kwa uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Andika saa dalili zilipoanza na mkimbize mgonjwa hospitali. Daktari atauliza saa hiyo kabla ya kuamua tiba. Na kabla ya kuamini ni kiharusi, pima sukari: ikishuka sana inaweza kuiga dalili hizohizo. Usicheleweshe safari kwa ajili ya kipimo.

Hatua ya 6: Dharura za sukari

Sukari chini ya 3.9 mmol/L imeshuka. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira au kuchanganyikiwa. Walio hatarini zaidi ni wanaotumia insulini na vidonge kama glibenklamidi. Figo zikichoka, glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari kwa saa nyingi.

Kunywa au kula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Chokoleti haifai, mafuta yake huichelewesha sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu kinachokaa tumboni, kisha utafute sababu: ulichelewa kula, ulizidisha dawa, ulifanya kazi nzito, ulikunywa pombe?

Aliyezimia asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, achomwe sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) kama ipo, na apelekwe hospitali. Wafundishe wa nyumbani na wa kazini jambo hili mapema. Mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huweza kufika mahali asisikie tena dalili za mwanzo. Huyo anahitaji dawa zake zipitiwe upya.

Upande wa pili ni sukari ya juu yenye ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu mwili unapokosa insulini. Kiu kali, mkojo mwingi, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kina na haraka, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi: huyo anahitaji hospitali mara moja. Wanaotumia dawa za kundi la empagliflozini wanaweza kuingia hali hii hata sukari ikiwa si ya juu sana, na wengi wamekosa kutambuliwa kwa sababu hiyo. Kwa mzee wa aina ya pili, sukari inaweza kupita 30 mmol/L bila ketoni nyingi. Huonekana mlegevu, amekauka, anaongea visivyoeleweka.

Siku unayougua homa au kuharisha, insulini ya msingi, ile ya kufanya kazi muda mrefu, usiache hata kama huli. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Pima kila baada ya saa chache, kunywa maji mara kwa mara. Ukiwa unatapika na kukauka, metformini na dawa za kundi la empagliflozini kwa kawaida husimamishwa hadi urudi kula. Omba maelekezo haya kliniki ukiwa mzima, yaandikwe kwenye daftari lako kwa jina la kila dawa unayotumia.

Hatua ya 7: Yale watu wanayoona haya kuyasema

Kupungua kwa nguvu za kiume ni dhara la kisukari lililo wazi kitabibu, na linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka. Mwanamume anayelificha ananyima moyo wake uchunguzi, na akinunua dawa za mitaani huku anatumia nitrati za maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka hadi kifo. Wanawake nao hupata ukavu, maumivu, fangasi za mara kwa mara na maambukizi ya mkojo. Yote yana tiba.

Kushiba haraka na kutapika chakula cha saa nyingi zilizopita kunaweza kuwa tumbo lililolegea kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Kizunguzungu unaposimama nacho kinaweza kutokana na mishipa hiyo. Fizi zinazotoa damu huchochea sukari kupanda, na sukari huharibu fizi zaidi, kwa hiyo daktari wa meno ni sehemu ya matibabu. Kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili kipimwe kifua kikuu, kwani kisukari huongeza hatari ya kukipata.

Kisha kuna kuchoka. Kupima, kumeza, kuchagua chakula, kila siku, bila likizo. Mtu akikata tamaa huacha dawa kabla hajaacha kitu kingine chochote, na anayemzunguka hudhani ni uzembe. Ukijikuta huna hamu ya kitu, usingizi umeharibika, na unaona haina maana, mwambie mhudumu kwa maneno hayohayo.

Hatua ya 8: Siku ya kliniki

Nenda na daftari, dawa zako zote pamoja na za asili unazotumia, na mashine yako ya sukari. Vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa. Miguu iliyofunikwa haikaguliwi. Uliza ni lini mara ya mwisho retina, albumini ya mkojo, kasi ya figo, lehemu na hisia za miguu zilipimwa. Ambacho hakijapimwa kwa mwaka mzima, omba kipangiwe siku kabla hujaondoka. Uliza pia kuhusu chanjo za mafua, nimonia na homa ya ini aina ya B. Ukiambiwa majibu ni mazuri, omba namba yenyewe, uiandike pamoja na tarehe, ili safari ijayo uweze kuona imeelekea wapi.